Mafuta ya Samaki Chupani

Baada ya swala ya Alasiri alitujia mzee wetu wa Langoni na chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki. Ameacha dawa ya presha, asema, kwani hivi "ni vya asili". Tulistaajabu. Vibua na jodari, wenye omega-3 hiyo hiyo, hushushwa gatini petu kusi likitulia! Lakini hata samaki hao hawashiki nafasi ya dawa aliyoandikiwa na daktari. Tukamuuliza habari ya chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Naye hula ng'onda kwa achari. Tumekubaliana kwenda naye hospitali Jumatatu akapimwe. Chupa amebaki nayo.