Jamhuri Dei ya wenye tai

Kwa Mhariri,

Naishi Uingereza, na siku hizi Desemba 12 inaniudhi. Tarehe hiyo Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na 1964 ikawa jamhuri. Sisi Wakenya wa huku tumeigeuza karamu ya wenye tai. Mwaka jana kamati yetu ilikodi ukumbi wa hoteli: bei ya tiketi haishikiki, watoto marufuku. Jirani yangu, Mkenya anayetunza wazee zamu ya usiku, alibaki nyumbani, akapika chapati na ndengu, akaimba wimbo wa taifa na wanawe jikoni. (Wali wa hotelini, naambiwa, haukuiva.)

Wanakamati mnaosoma gazeti hili, kwa nini tusikodi ukumbi wa kanisa, kila familia ije na sufuria yake? Nijibuni hapahapa.

Mama Watoto,
Leeds