Mfumo ukisema huna ruhusa, useme pia ni ruhusa ipi

Mkazi wa Tandale, wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, anayefuata huduma dirishani amezoea kuambiwa kwamba mtandao unasumbua, arudi kesho. Wakati mwingine ndivyo ilivyo: mkongo wa mawasiliano umekatika, au umeme umekwenda. Lakini wakati mwingine mtandao ni mzima, na kilichotokea ni kwamba mfumo umemtambua mtumishi kisha ukamkatalia kitendo kimoja. Anaiona orodha ila hawezi kufungua jalada. Anajaza fomu mpaka mwisho, na akibonyeza kuhifadhi anaambiwa hana ruhusa. Kwa mwananchi aliye upande wa pili wa dirisha, mambo haya mawili hayana tofauti. Kwa anayetaka kutengeneza huduma, yana tofauti kubwa, kwa sababu mkongo uliokatika unahitaji fundi, na ruhusa iliyokosekana inahitaji mtu mwenye mamlaka ajue ni ipi na kwa nini. Tukiendelea kuyaita yote mawili "mtandao", la pili halitatengenezwa kamwe.

Hili ni jambo la watu wote siku hizi, kwa kuwa kumbukumbu zetu haziko tena kwenye makabati ya ofisi. Ziko kwenye seva za mbali, tunazosema ziko kwenye "wingu". Baadhi ziko karibu kuliko tunavyodhani: Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kipo Kijitonyama, humuhumu Kinondoni. Nyingine ziko kwenye mitambo ya kampuni kubwa za nje. Popote zilipo, kanuni ni moja, na imekuwapo tangu mwaka 1975, pale Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Marekani walipoandika misingi ya kulinda taarifa ndani ya kompyuta: mtumiaji aanze bila ruhusa yoyote, kisha apewe zile tu ambazo kazi yake inazihitaji. Kwa hiyo kukataliwa si lazima kuwe hitilafu. Mfumo unaweza kuwa unafanya kazi yake sawasawa, ila aliyeandika orodha ya ruhusa amesahau mstari mmoja.

Kuutafuta mstari huo kunataka utulivu kuliko utaalamu. Swali la kwanza ni nani hasa amekataliwa, maana mtumishi mwenye akaunti mbili, ya kazini na yake binafsi, mara nyingi huwa ameingia kwa ile isiyo sahihi. La pili ni kitendo gani: kusoma, kuandika na kufuta ni ruhusa tatu mbalimbali, na kuwa na moja si kuwa na nyingine. La tatu ni juu ya kitu gani, kwa sababu ruhusa ya kituo kimoja haihami na mtu anapohamishiwa kingine. Afisa aliyetoka Kinondoni kwenda Temeke anaweza kukaa wiki nzima akiona takwimu za alikotoka na asione za anakofanya kazi. Kuna pia masharti yanayosahaulika, kama vile kuingia kwa mtandao wa ofisi pekee. Na kuna muda: badiliko likishafanywa huweza kuchukua dakika kadhaa kuenea, na mtumiaji huenda akalazimika kutoka na kuingia upya ndipo lionekane. Lakini kosa linalopoteza siku nyingi zaidi ni kutojua kwamba katazo la wazi hushinda. Katika huduma za wingu za Amazon, kwa mfano, ruhusa kumi haziwezi kulivunja katazo moja lililoandikwa mahali pengine. Msimamizi asiyelifahamu hilo huongeza ruhusa, akaongeza tena, mwishowe mtumishi ana mamlaka makubwa kuliko mkuu wake wa kazi, na lile dogo alilolihitaji bado hana.

Hapo ndipo njia ya mkato inapoingia. Mtu anaazima paswedi ya mwenzake, au msimamizi aliyechoka kupigiwa simu anampa haki zote ili kelele ziishe. Kazi inaendelea, na kila mmoja anaamini tatizo limekwisha. Limefichwa tu. Kumbukumbu za mfumo sasa zinasema jalada lilifunguliwa na mtu ambaye siku hiyo alikuwa likizo, na haki zilizotolewa kwa dharura hakuna anayekumbuka kuziondoa. Benki ya Capital One ya Marekani ililipia gharama ya haki zilizozidi. Mwaka 2019 mdukuzi alipata upenyo kwenye kinga yake ya mtandao, na kwa kuwa kinga hiyo ilikuwa imepewa uwezo wa kusoma maghala ya data, alichukua taarifa za watu wapatao milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada. Mwaka uliofuata benki ikatozwa faini ya dola milioni 80. Upenyo ulikuwa mdogo. Ukubwa wa hasara ulitokana na ruhusa zilizotolewa bila kupimwa.

Wapo watakaoona Capital One ni mbali na Tandale. Mimi naona Tandale ina cha kupoteza zaidi. Huku Uswahilini nyumba zinapakana ukuta kwa ukuta, wapangaji wa nyumba moja wanachangia uwanja na choo, na mtu anayekaa mapokezi ya hospitali anaweza kuwa shemeji ya mwenye nyumba wako. Siri ya hospitali ikitoka haiendi kwa mgeni wa mbali. Inafika kwa watu utakaowasalimia kesho asubuhi. Ndiyo maana Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Haki hizi zinabaki karatasi tupu pale kila mwenye kompyuta kituoni anapoweza kufungua kila jalada.

Nitaulizwa: mgonjwa yuko mlangoni anavuja damu, tumsubiri msimamizi aliye mbali? Hapana, na anayesema asubiri hajali watu. Mifumo ya hospitali iliyosanifiwa vizuri ina njia ya dharura: mhudumu anajifungulia mwenyewe kwa akaunti yake, anaandika sababu, ruhusa inajifunga baada ya muda, na tukio linakaguliwa baadaye. Hiyo ina kasi ileile ya paswedi ya kuazima, na inaacha jina la kweli.

Pingamizi zito zaidi ni la watu wa usalama, wanaosema kwamba kumweleza mtu kwa nini amekataliwa ni kumwonyesha mwizi pa kupitia. Wana hoja. Asiyetambuliwa na mfumo asielezwe chochote. Lakini mtumishi aliyekwishatambuliwa hahitaji kuonyeshwa sera nzima. Anahitaji namba ya tukio na jina la ofisi ya kuipelekea. Baadhi ya huduma za Amazon hutoa maelezo ya katazo yakiwa yamefumbwa, na anayeweza kuyafumbua ni mwenye ruhusa ya kufanya hivyo. Siri na maelezo vimewezekana pamoja.

Na wale wanaotaka kila kitu kiwe wazi? Tandale yenyewe imewahi kuonyesha faida ya uwazi. Mwaka 2011, katika mradi wa Ramani Tandale, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walipita vichochoroni wakachora njia, mifereji, vyoo na maduka, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuisahihisha. Mfereji hauna aibu ya kuonekana, na mafuriko hayapungui kwa kufichwa. Lakini jalada la mgonjwa ni la mtu, na uamuzi wa nani alisome haupaswi kuachiwa uchovu wa msimamizi.

Ninachodai kinaweza kuandikwa kwenye mkataba wa mfumo wowote unaonunuliwa kwa fedha za umma, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inaweza kukifanya kiwango. Ruhusa zifungwe kwenye cheo, si kwenye jina, ili mtumishi akihama aziache pale alipozikuta. Kila katazo litoe kwa Kiswahili kitendo kilichokataliwa, namba ya tukio na ofisi ya kuwasiliana nayo. Orodha ya makatazo ya mwezi ipelekwe kwa mkuu wa kituo, ajue ni wangapi walirudishwa nyumbani kwa sababu ya ruhusa iliyokosekana, na ni wangapi kwa sababu mtandao ulikatika kweli.