Jikoni kwetu: Kamba ndani ya jani la saladi, na maji ya kuoshea jani lenyewe



Kwenye mkutano uliopita, tukisubiri wenzetu wafike, dada mmoja wa kundi alitoa simu akatuonyesha picha ya chakula. Lilikuwa jani bichi la saladi, limekunjwa kama kikombe, na ndani yake kamba wekundu, karoti, karanga na pilipili. Chini iliandikwa kwamba ni chakula cha mtindo wa Thailand. Hapo hapo mabishano yakaanza. Mmoja akasema hicho ni chakula cha hoteli. Mwingine akasema jani bichi ni la sungura. Wa tatu akanigeukia: "Mama wa ukurasa wa jikoni, jaribu wewe kwanza, halafu utuambie."

Nimejaribu mara tatu. Leo nawaletea majibu.

Kwanza tukijue chakula chenyewe. Thailand ni nchi ya Asia, na kwao kufunga chakula ndani ya jani ni jambo la zamani. Wanacho kimoja kinachoitwa miang kham. Neno kham maana yake ni tonge, kile kiasi kinachoingia mdomoni mara moja. Wanachukua jani la mmea wao unaoitwa chaplu, wanaweka juu yake kamba wadogo waliokaushwa, nazi iliyokaangwa, karanga, tangawizi, vipande vya ndimu na pilipili, wanamwagia sharubati nzito ya sukari, wanafunga na kutia mdomoni. Upande wa kaskazini-mashariki, eneo la Isan, wana nyama iliyokatwakatwa inayoitwa larb, yenye ndimu na unga wa mchele uliokaangwa, nayo huliwa pamoja na majani mabichi. Watu wa Isan wanakula wali wao wa kunata kwa mkono: wanaufinyanga tonge kwa vidole, wanachovya, wanakula. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu, maana ndivyo tunavyofanya na bugali.

Kwa hiyo kamba ndani ya jani la saladi ni mtindo tu uliotokana na vyakula hivyo. Kinachobaki kuwa cha Thailand ni ladha nne zinazokutana: ukali wa ndimu, chumvi, utamu kidogo na pilipili. Ukipata hizo nne zikiwa sawa, umekipata chakula.

Sasa niwaambie kwa nini nilichelewa kujaribu.

Miaka kumi na mbili nyumbani kwangu hapakuliwa jani bichi. Mtoto wangu wa pili alipokuwa na miaka minne, tulikuwa na sherehe, nami nikatengeneza saladi beseni zima. Maji yalikuwa machache siku ile. Niliosha majani ndani ya maji yaleyale niliyokuwa nimeoshea karoti na tomati, nikakamua ndimu juu, nikajiambia ndimu itaua kila kitu. Usiku wa pili mtoto alianza kuhara na kutapika. Asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani. Tulikaa siku nne katika kituo cha afya. Mama mkwe wangu alishika kikombe cha SRO, akamnywesha kijiko kwa kijiko usiku kucha, mimi nikiwa sina nguvu hata ya kulia. Mtoto alipona, leo ni kijana anayenizidi urefu. Kama ni ile saladi au ni kitu kingine, hakuna aliyeniambia. Lakini mimi nayajua maji niliyotumia. Mama mkwe naye anayajua, na hakuwahi kunisema hata siku moja. Ila tangu siku ile sahani ya majani mabichi ikipita mbele yake, anaisukuma pembeni.

Ndiyo maana katika mapishi ya leo naanza na maji. Sisi tunaoishi kandokando ya maziwa tunaifahamu kolera kwa jina lake. Chakula cha moto kinatusamehe makosa mengi kwa sababu moto unaua vijidudu. Jani bichi halipiti motoni. Likiingia mdomoni na uchafu, limeingia nao.

Kuosha majani

Chagua saladi yenye majani magumu kidogo, yasiyotoboka. Tenganisha jani moja moja, tupa yale ya nje yaliyogusa udongo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuyashika.

Osha mara ya kwanza kwa kumwagia maji, jani moja moja mbele na nyuma, hasa pale chini karibu na mzizi ambapo udongo hujificha. Usiyazamishe yote ndani ya beseni moja la maji machafu kama nilivyofanya mimi. Kisha suuza kwa maji salama ya kunywa. Maji salama ni yaliyochemka kwa nguvu dakika moja nzima yakapoa ndani ya chombo kilichofunikwa. Kwa wenzetu wa milimani juu sana, yachemke dakika tatu. Ukitumia vidonge vya kutakasa maji, soma maandishi ya pakiti, weka kiasi kilichoandikwa kwa ukubwa wa bidoni yako, na ungoje muda wote ulioandikwa kabla ya kuyatumia.

Ndimu na chumvi havitoshi. Vinasaidia kutoa wadudu wadogo waliojificha kwenye majani, lakini usitegemee ndimu uliyokamua dakika ile ikukinge na kolera. Nalirudia hili kwa sababu nililiamini mimi mwenyewe.

Kama siku hiyo huna maji salama ya kutosha, acha saladi. Chukua kabichi, yale mashu ya sokoni, toa majani mazima, yatie ndani ya maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, yatoe kwa uma safi na kuyaacha yapoe. Yanalainika, yanakunjika vizuri kuliko saladi, na yamepita motoni. Mimi napenda hata zaidi hivyo.

Kamba, au sambaza

Nasema kamba, si kamba ya kufungia mzigo, bali yule anayeitwa krevete madukani. Kwetu anakuja akiwa amegandishwa, na bei yake si ya kila siku. Pakiti ya nusu kilo niliyonunua mara ya kwanza ingeninunulia sambaza wa kulisha nyumba yangu juma zima. Kama una sherehe na una uwezo, nunua, lakini angalia pakiti. Kamba walioshikana bonge moja lenye barafu nyingi huenda waliyeyuka umeme ulipokatika, wakagandishwa tena. Ukifungua ukasikia harufu kali ya kuchoma pua, usiwapike. Wanunue mwisho wa safari yako, nenda nao nyumbani moja kwa moja, na wakishayeyuka usiwarudishe kwenye barafu.

Menya ganda, pasua mgongo kidogo kwa kisu, toa ule uzi mweusi, osha, kausha kwa kitambaa safi. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa: niliwapika kama ninavyopika nyama, dakika ishirini. Walikuwa kama mpira wa kiatu. Kamba anataka moto mkali na dakika mbili au tatu tu. Akigeuka mwekundu kote, akajikunja na nyama yake ikawa nyeupe hadi katikati, ameiva.

Mara ya pili nilitumia sambaza wabichi wa ziwani, na ndio ninaopika mpaka leo. Toa vichwa na matumbo, osha, kausha vizuri, nyunyiza chumvi, kaanga katika mafuta ya moto mpaka wakauke na kulia mdomoni. Walio Uvira, Baraka na Kalemie watumie ndagala wao, ni vilevile. Ladha si ya kamba, siwadanganyi. Lakini ndani ya jani, pamoja na ndimu na karanga, hakuna aliyeniuliza kamba wako wapi.

Vitu vya kuandaa kwa watu sita

Nusu kilo ya kamba waliomenywa, au nusu kilo ya sambaza wabichi. Majani kumi na nane ya saladi au kabichi. Karoti mbili, zikwanguliwe. Kitunguu kimoja chekundu, kikatwe chembamba. Vitunguu saumu vitatu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vipondwe pamoja. Mkono mmoja wa karanga, zikaangwe na kupondwa. Majani mabichi ya kunukia uliyo nayo, nana au giligilani, yaliyooshwa kama saladi. Karoti nazo zioshwe na kumenywa kwa uangalifu uleule, maana nazo zinaliwa mbichi.

Mchele vijiko viwili vikubwa. Huu ndio siri ya watu wa Isan: ukaange mkavu, bila mafuta, juu ya makala yasiyo makali, ukigeuza mpaka uwe rangi ya dhahabu na unukie. Utwange kwenye kinu uwe unga wenye chembechembe.

Mchuzi wa kuchovya

Maji ya ndimu vijiko vikubwa vitatu, sukari kijiko kimoja, maji salama vijiko viwili, pilipili moja iliyokatwa. Kwa chumvi, Wathai wanatumia nam pla, maana yake maji ya samaki: samaki wadogo wa baharini waliolazwa ndani ya chumvi kwa miezi mingi mpaka watoe maji. Ukiipata dukani, tia vijiko viwili. Usipoipata, tumia sosi ya soya kijiko kimoja na nusu. Mimi nafanya hivi: natwanga mkono mmoja wa ndagala wakavu, nachemsha na maji nusu kikombe na chumvi kidogo kwa dakika kumi, nachuja, natumia vijiko viwili vya maji hayo. Onja. Ndimu ikizidi, ongeza sukari. Ikiwa tamu mno, ongeza ndimu. Usitoke hapo mpaka ulimi wako useme sawa.

Kupika na kufunga

Weka kikaango juu ya mbabula yenye makala makali. Tia mafuta vijiko viwili, kisha kitunguu saumu na tangawizi kwa nusu dakika, tia kamba, geuza dakika mbili au tatu, epua. Kama ni sambaza waliokwisha kukaangwa, wageuze mara moja tu ili washike harufu. Tia vijiko viwili vya mchuzi na unga wa mchele, changanya.

Weka kila kitu mezani kwa sahani yake. Kila mtu anawe kwa sabuni, achukue jani, aweke kijiko kimoja cha kamba, karoti, kitunguu, karanga, majani ya kunukia, achovye, afunge, ale. Wali pembeni, au bugali. Usiogope kuwawekea bugali; mume wangu hakukubali kwamba amekula mpaka alipouona.

Tahadhari tatu kabla ya kuwapa watoto

Pilipili iwe pembeni. Karanga zipondwe kabisa kwa wadogo, kwa maana karanga nzima inaweza kumkaba mtoto. Na kwa yeyote anayekula kamba kwa mara ya kwanza, mpe mmoja tu, ungoje. Kuna watu ambao mwili wao unakataa kamba au karanga: midomo inavimba, ngozi inatoka vipele, pumzi inakuwa ngumu. Pumzi ikibana, usingoje asubuhi, kimbilia kituo cha afya.

Kwa makundi yetu, nashauri tukipike pamoja siku ya mkutano. Kamba wa pakiti moja wakigawanywa kwa michango ya wamama kumi si mzigo tena. Mmoja alete majani, mwingine karanga, mwingine mchele, na mmoja apewe kazi moja tu: maji. Achemshe tangu jana yake, alete bidoni iliyofungwa, na asiruhusu mtu kuchota kwa kikombe cha mkononi.

Niliposema nimejaribu mara tatu, ya tatu ilikuwa Jumapili iliyopita. Mama mkwe alikuwepo. Nilimwekea majani ya kabichi yaliyopita motoni kwenye sahani yake peke yake, sikusema neno. Alifunga sambaza, akala. Akafunga tena. Halafu akatazama sahani yetu ya saladi mbichi, akaniuliza polepole, "Maji yake uliyachemsha?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Jana usiku. Nilisimama pale pale mpaka yakachemka."

Akanyoosha mkono akachukua jani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kukausha sambaza nyumbani msimu wa mvua. Mwenye njia yake aje nayo mkutanoni.