Maoni: Godoro gumu si dawa ya mgongo

Ndugu wakaazi wa kambi, kuna jambo linalozungumzwa sana kwenye foleni ya zahanati, nami ningependa kutoa maoni yangu. Watu wanasema kwamba mwenye maumivu ya mgongo anapaswa kulala juu ya kitu kigumu, na kadiri kinavyokuwa kigumu ndivyo atakavyopona upesi. Kwa sababu hiyo wako wazee walioliweka godoro pembeni wakalala juu ya mkeka kwenye sakafu ya udongo. Wako wengine waliouza mahindi ya mgawo ili watume mtu Kasese awaletee godoro gumu kuliko yote dukani, lile ambalo muuzaji analiita godoro la daktari.

Imani hii haikuanzia hapa kambini. Kwa miaka mingi hata madaktari wa nchi tajiri walikuwa wakiwaambia wagonjwa waweke ubao chini ya godoro. Mwaka 2003 madaktari wa Hispania waliamua kulipima jambo lenyewe. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno, wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa godoro gumu, wengine godoro la ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliolalia godoro la ugumu wa kati walikuwa na maumivu machache zaidi wakiwa kitandani na wakati wa kuamka, na walifanya kazi zao za kila siku kwa nafuu zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka huohuo katika jarida la madaktari la Lancet.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mgongo wa mtu haukunyooka kama ubao. Ukilala chali juu ya sakafu, mabega na makalio yanagusa chini lakini kiuno kinabaki hewani, na misuli ya kiuno inafanya kazi usiku kucha. Ukilala ubavu, uzito wote unakaa kwenye bega na nyonga, na asubuhi unaamka umekufa ganzi. Godoro laini mno nalo lina ubaya wake: makalio yanazama, mgongo unapinda kama machela. Kinachotakiwa ni godoro linalokubali kidogo mahali penye uzito na kukibeba kiuno.

Wengi wenu mliingia Uganda kupitia Mpondwe, mkapita Bwera na Kasese kabla ya kufikishwa hapa, na wafanyabiashara wetu bado wanakwenda kununua bidhaa huko. Kwa hiyo nazungumzia magodoro ya huko, ambayo karibu yote ni ya sponji. (Ndugu zetu kutoka Kongo wanasema matela, ni kitu kilekile.) Muuzaji atakuambia kwanza habari za unene: inchi 4, inchi 6, inchi 8. Unene peke yake haukusaidii sana. Sponji nyepesi ya inchi 8 inaweza kubonyea mpaka chini baada ya miezi michache, wakati sponji nzito ya inchi 5 bado inasimama. Beba magodoro mawili ya ukubwa mmoja, moja baada ya jingine. Lililo zito zaidi kwa kawaida ndilo lenye sponji iliyoshikamana. Libonyeze kwa ngumi kisha uachie: likirudi polepole na kuacha shimo, liache hapohapo.

Fungua zipu ya kava, na muuzaji akikukataza nenda duka la pili. Yapo magodoro yaliyotengenezwa kwa vipande vya mabaki ya sponji vilivyogandishwa kwa gundi. Hayo si mabaya yote, na ni magumu kweli, lakini usilipie bei ya sponji nzima kwa godoro la vipande.

Jaribio lililo bora kuliko yote ni kulala. Najua mtu anaona aibu kujilaza dukani mbele za watu, hasa mama mtu mzima. Lakini mtu anayenunua viatu huvaa kwanza. Lala chali dakika chache, kisha mwenzako apitishe kiganja chini ya kiuno chako. Kikipita wazi kama chini ya daraja, godoro ni gumu mno kwako. Kikikataa kabisa kupita, ni laini mno. Kikipita kwa kusukuma kidogo, hilo ndilo. Na kwa kuwa mtu mwembamba na mtu mnene hawabonyezi sawa, godoro lililomfaa jirani yako laweza lisikufae. Ndiyo maana sipendi desturi ya kumtuma kijana mwenye bodaboda amnunulie bibi godoro. Kama bibi hawezi kusafiri, basi atumwe mtu wa uzito unaokaribia wake.

Wasio na pesa ya godoro jipya, ambao ndio wengi, wasikate tamaa. Mgawo ulipunguzwa mwaka 2020 na tena mwaka 2021, na tangu hapo mambo hayajawa mepesi. Siwezi kumwambia mtu aache kununua chakula ili anunue sponji. Godoro lililobonyea katikati linaweza kugeuzwa, upande wa kichwa uwe wa miguu, na la chini liwe juu. Blanketi lililokunjwa likiwekwa chini ya shimo linasaidia. Kama ni kitanda cha mbao, angalia chaga kabla ya kulilaumu godoro: zikiwa zimeachana au mojawapo imevunjika, hata godoro la bei kubwa litaning'inia. Anayelala juu ya mkeka anaweza kutandika chini yake majani makavu, kisha shitingi, kisha mkeka na mablanketi mawili, na kuyaanika majani hayo kila baada ya siku chache. Alalapo ubavu aweke nguo iliyokunjwa katikati ya magoti. Alalapo chali aiweke chini ya magoti. Hili halina gharama yoyote, na wagonjwa wengi wanapata nafuu nalo kuliko wanavyotarajia.

Nawaonya kuhusu magodoro yaliyotumika yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Mwezi Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika huko Kasese, hata hospitali ya Kilembe ikaingiliwa na maji, vitu vingi vya nyumbani vililowa. Sponji iliyolowa maji machafu hukauka juu huku ndani ikibaki na unyevu na ukungu, na baada ya mafuriko yoyote magodoro ya namna hiyo yanaweza kufika sokoni. Nusa godoro kabla ya kulipa.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika nyumba nyingi za kambini kuna godoro moja. Nani analalia? Baba. Mama na watoto wako chini kwenye mkeka. Lakini jerikani ya lita 20, ambayo ina uzito wa kilo 20, inabebwa na nani kutoka bombani? Kuni zinabebwa na nani, na mtoto yuko mgongoni mwa nani? Halafu mama huyo anakuja zahanati kila mwezi kuomba vidonge vya mgongo. Tunampa, lakini mimi naona vidonge hivyo vinafanya kazi ya godoro lililoko upande wa pili wa pazia. Wazee wangu, sisemi baba alale nje. Nasema mwenye mgongo mbovu katika nyumba ndiye alale penye godoro, awe mama, bibi au baba. Na jerikani ya lita 20 igawanywe kuwa mbili za lita 10, moja kila mkono, na vijana wa kiume nao wafike bombani.

Shirika letu nalo lina sehemu yake. Vifaa vya kulalia vinapogawanywa, mkeka mmoja hupewa kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 70 bila tofauti, kana kwamba mifupa yao ni sawa. Maoni yangu ni kwamba magodoro yakija, hata yakiwa machache, yaanzie kwa wazee, wenye ulemavu na wagonjwa wa mgongo walioandikwa na zahanati, na orodha isomwe mbele ya viongozi wa bloku ili kila mtu aisikie.

Wako pia wanaotafuta godoro wakati wanachohitaji ni vipimo. Maumivu ya mgongo yakija pamoja na homa, kutokwa jasho usiku au kukonda, usihangaike na maduka ya Bwera. Njoo zahanati. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo bila mtu kukohoa hata mara moja, na dawa zake katika vituo vya serikali ya Uganda ni bure. Brusela nayo, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa na kazi ya kuhudumia mifugo, huleta homa na maumivu ya mgongo. Na yeyote ambaye miguu inakosa nguvu, anakufa ganzi sehemu za siri, au anashindwa kuzuia au kutoa mkojo, aletwe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mwambieni mhudumu wa afya wa kijiji, atajua namna ya kupata usafiri.

Wengine wote wenye maumivu ya kawaida ya kiuno, msikae kitandani mchana kutwa hata kama godoro ni zuri. Tembeeni, fanyeni kazi nyepesi. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na ndani yake mazoezi yamo. Mikanda ya kufunga kiuno, ambayo wachuuzi wanawauzia kwa bei kali, mwongozo huo haushauri itumike kama tiba ya kawaida. Pesa ya mkanda huo bora iwe mwanzo wa akiba ya godoro.