Mbwa Wenu Anamjua Mama Mkwe?

Mwezi huu naomba tumzungumzie mwanafamilia ambaye hapati nafasi katika kurasa hizi: mbwa wa ulinzi. Najua wapo watakaosema, "Mhariri naye kaishiwa!" Subirini kwanza. Vijana wengi siku hizi wakishajenga na kuhamia, kinachofuata baada ya geti ni mbwa. Na mbwa huyo anaweza kuwaletea usingizi mzuri, au akawa chanzo cha ugomvi kila wiki.

Nina marafiki Nanganga, mke na mume. Kwa usiyefika kusini, Nanganga ni ile njia panda kwenye barabara ya kwenda Masasi, kabla hujafika Ndanda, panapochepuka njia za Ruangwa na Nachingwea. Mabasi, malori na bodaboda hapo hayakauki. Mume ni bwana shamba, kutwa yuko vijijini. Mke ni muuguzi, ana zamu za usiku. Mbwa wao si wa kuagiza Ulaya, ni huyu huyu wetu wa kienyeji. Lakini nikwambie ukweli, sijaona mbwa anayejua kazi yake kama yule.

Siri yao ni moja. Kabla ya kumfundisha kubweka, walikaa chini wakaandika ni nani hufika pale kwao mwaka mzima. Hebu fikiria. Katikati ya mwaka ni wakati wa kupulizia mikorosho dawa, vijana wanapita wamefunika nyuso na mashine zinanguruma mgongoni. Kuanzia Septemba ni mavuno, vibarua wageni wanaingia kuokota korosho. Oktoba minada inaanza, pesa zinatembea, na wezi nao hawako mbali. Desemba nyumba inajaa ndugu. Kila alfajiri jirani anapita na kanzu yake kwenda msikitini. Na mke mwenyewe akirudi usiku wa mvua na koti refu na mwavuli, machoni pa mbwa ni mtu mwingine kabisa!

Sasa mbwa aliyefundishwa jambo moja tu, kwamba ukiona mtu rukia, ataishi vipi hapo? Mwizi anaweza kumkosa, akampata mama mkwe.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba mbwa hajumlishi mambo kama sisi. Akijifunza neno "kaa" uani asubuhi, kwake hilo ni neno la uani, la asubuhi. Mpeleke barabarani penye honi za malori, atakutazama kama hajawahi kulisikia. Si ukaidi, ni kwamba hajafundishwa huko. Ndiyo maana marafiki zangu walikuwa wakibadilisha kitu kimoja kimoja. Leo mahali pale pale, saa nyingine. Kesho saa ile ile, mtu mwingine. Keshokutwa mtu yule yule, ila kavaa kofia na kabeba gunia. Akitulia anapewa kipande cha dagaa na sifa. Akishindwa wanarudi nyuma hatua moja, hakuna fimbo.

Wenye kazi hiyo wanalijua hili. Kule Usa River, Arusha, shirika la African Wildlife Foundation linaendesha mafunzo ya mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine, katika mpango ulioanza mwaka 2014. Mbwa wa mpango huo wamefanya kazi bandarini na kwenye viwanja vya ndege hapa Afrika Mashariki. Mbwa wa kazi hiyo harufu anayotafuta ni ile ile, lakini mahali hapafanani: leo makontena juani, kesho mabegi ya abiria katikati ya kelele. Tena hafundishwi peke yake. Anafundishwa pamoja na askari atakayemshika, kwa sababu mbwa na mtu wake ni timu moja.

Na hapo ndipo ninapowageukia ninyi wawili. Mbwa wenu anamsikiliza nani? Nyumba nyingi mbwa ni "wa baba". Baba ndiye anamlisha, ndiye anamfungua usiku. Baba akipata safari ya kikazi ya wiki mbili, mama anajifungia ndani kuanzia saa moja jioni, anamwogopa mlinzi wake mwenyewe! Huo ni ulinzi gani? Wale wa Nanganga walikubaliana maneno manne: njoo, kaa, acha, nyamaza. Hakuna mwenye maneno yake ya pembeni. Wote wanamlisha, wote wanamfundisha, dakika kumi kumi.

Oktoba mwaka jana mume alikuwa safarini. Saa nane usiku geti likagongwa kwa nguvu, mbwa akabweka hadi majirani wakaamka. Mke akachungulia na tochi: ni jirani, kabeba mtoto ana degedege. Akasema, "Nyamaza. Kaa." Mbwa akakaa. Geti likafunguliwa, mtoto akapata huduma ya kwanza na bodaboda ikamwahisha hospitali. Yuko mzima. Jiulize, kwako geti hilo lingefunguka?

Ukipata mtoto wa mbwa, usipoteze muda. Wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne ndipo anapozoea dunia kwa urahisi zaidi: watoto, wazee wenye mkongojo, baiskeli, radio, kuku. Ukimfungia bandani miezi hiyo ili "awe mkali", utapata mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata ovyo. Habari za kumlisha pilipili au bangi achana nazo, ni mateso tu, na tangu mwaka 2008 tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Usimpige anapounguruma pia. Kuunguruma ni onyo. Ukiliua onyo, siku nyingine atang'ata kimya kimya.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka, hakuna mjadala. Watu wa kusini wanaulewa umuhimu wake, maana kati ya 2010 na 2015 wilaya 28 za kusini-mashariki mwa nchi zilikuwa kwenye kampeni kubwa ya kuchanja mbwa. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali mara moja, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Basi jioni ya leo, kaeni wawili na karatasi. Andikeni nani anafika kwenu, saa ngapi, kavaaje. Kisha kila mmoja atoke uani amwambie mbwa "kaa", tuone anamsikiliza nani. Jibu linaweza kuwashangaza.