Viyoyozi Karagwe vya nini?

Karagwe na Kyerwa ni nyanda za juu. Upepo ni wa bure. Lakini juzi niliingia ofisi moja ya umma, nikakuta kiyoyozi kinanguruma na mlango u wazi. Kwa miaka mingi umeme wa Kagera ulinunuliwa Uganda, nasi tunautumia kupoza baraza!

Babu zetu walijenga msonge wa nyasi: jua halipenyi mchana, joto halitoki usiku. Sisi tunaezeka bati bila dari, kisha tunanunua mashine ya kupambana na bati. Darasani kwangu, saa saba mchana watoto wanasinzia kwa joto.

Wahandisi wa Halmashauri, wekeni kwanza dari, matundu ya hewa na miti. Fedha itakayookolewa iletwe shuleni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Karagwe.