Homa ya ini B Bukavu: tuanze na mtoto wa siku moja

Mtu akivimba tumbo, macho yakawa manjano, akafa kabla ya uzee, kwenye matanga ya Bukavu jibu huwa tayari: amelishwa karuho, yaani sumu. Atashukiwa jirani, au shemeji. Wachache watauliza kama marehemu aliwahi kupimwa homa ya ini B, ambayo huenda aliipata siku aliyozaliwa.

Kwa hiyo wanaodai wajawazito wahamasishwe kuhusu ugonjwa huu wana hoja. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na virusi maisha yote hufika asilimia 90; kwa mtu mzima haufiki 5. Mama mwenyewe mara nyingi hasikii maumivu yoyote. Lakini tukishamwambia, tunampa nini?

Mama wa Kadutu au Bagira, hapa Bukavu, akienda CPN, yaani kliniki ya wajawazito, hupimwa VVU. Akikutwa navyo, hupewa dawa bure, na ndani yake mna tenofovir, ambayo hukandamiza pia virusi vya homa ya ini B. Mwenye homa ya ini peke yake hayumo katika mpango huo. Hata kipimo mara nyingi atajilipia. Dawa ipo kabatini, ila imeandikiwa mgonjwa mwingine.

Na Kongo hii hii imeshaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2018 na 2019, watafiti walipima wajawazito 4,016 katika materinite za Binza na Kingasani, Kinshasa, wakipitia huduma zilezile za VVU. Waliokutwa na homa ya ini B walikuwa 109. Wenye virusi vingi walipewa tenofovir, watoto wengi wakachanjwa walipozaliwa; kati ya waliopimwa wakiwa na miezi 6, hakuna aliyekutwa ameambukizwa.

Ikibidi kuchagua, mimi naanza na chanjo ya saa 24 za kwanza. WHO inaipendekeza kwa kila mtoto tangu 2009 na bei yake haifiki dola moja, ila Afrika huipata watoto kama 18 tu kwa 100. Sisi tumetegemea chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, na kwa aliyeambukizwa akizaliwa hiyo imechelewa. Tena sindano ya watoto wote haimfichui mama yeyote. Karatasi ya kipimo inaweza kumrudisha kwao.

Wataniambia habari ya vita. Kweli, tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, kuleta dawa kumekuwa kugumu. Ila chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingi, na materinite zenye friji ya PEV, mpango wa chanjo, zinaweza kutangulia bila kungoja mkoa mzima.

Uhamasishaji nao uje, useme yanayowezekana: mama mwenye virusi anyonyeshe, sahani yake isitengwe, baba na watoto wakubwa wapimwe, wasio navyo wachanjwe. Na kabla ya kutangaza kipimo redioni, ijulikane nani atakilipia.